Kutotolesha na kulea kuku na bata mzinga uani: mwongozo kamili kwa mfugaji wa Dar es Salaam

Yai lililokaa siku tisa juu ya kabati la jikoni Tabata, mwezi wa pili, halina mashine ya kuliokoa. Kiinitete kilicho ndani ya yai lenye mbegu huanza kuamka joto likipita takriban nyuzi 21 hadi 24, na Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi hata usiku wa manane joto halishuki mpaka hapo. Kinaamka, kinakua kidogo, hakipati zile nyuzi 37.5 kinazohitaji, kinadhoofika. Siku ya saba ya mashine yai linatupwa likiwa na duara la damu, na lawama anabebeshwa aliyeuza mashine.

Mambo mawili ndiyo yanayommaliza mfugaji wa mjini: yai kuharibika kabla halijaingia mashineni, na bata mzinga kulelewa kana kwamba ni kuku mkubwa. Makosa mengine mengi yanarekebishika yakigunduliwa mapema. Haya mawili yakishatokea hayarudi nyuma, ndiyo maana yamepewa nafasi kubwa humu.

Yai kabla ya mashine

Mayai ya trei ya dukani mengi ni ya kuku wa kisasa wasiokaa na jogoo. Hayana mbegu, na hakuna tochi itakayokuonyesha hilo kabla hujayatotolesha. Chukua mayai kwenye kundi unalolijua: jogoo 1 kwa mitetea 8 hadi 10, au dume 1 la bata mzinga kwa majike 5 hadi 8. Madume yakizidi yanashindana, yanakwanguana na kuwachubua majike migongo, na mayai yenye mbegu yanapungua badala ya kuongezeka. Ukibadilisha jogoo, subiri wiki 3 kabla ya kukusanya mayai unayotaka yawe ya jogoo mpya, kwa kuwa tetea huhifadhi mbegu za yule wa zamani mwilini.

Okota mayai mara 3 au 4 kwa siku. Kiota kilicho chini ya bati saa nane mchana kinachemka, na yai likibaki humo hadi jioni limeshaanza safari ambayo hutaweza kuimalizia. Chagua mayai ya ukubwa wa kati kwa aina ya kuku wako, yenye umbo la kawaida, ganda lisilo na mikunjo wala ufa. Usioshe. Ganda lina utando mwembamba unaozuia vijidudu, na maji yanauondoa. Uchafu mdogo uparuze kwa kitambaa kikavu. Yai lililopakaa kinyesi liende jikoni.

Kuhusu kuhifadhi, vitabu vinasema siku 7 kwenye nyuzi 13 hadi 18. Nani ana chumba cha nyuzi 18 Mbagala? Friji ya nyumbani ipo kwenye nyuzi 4, ni baridi mno. Ule ujanja wa chungu ndani ya chungu chenye mchanga mbichi unafanya kazi vizuri Dodoma, kwenye hewa kavu. Kwetu pwani hewa imejaa unyevu, maji hayakauki haraka, na chungu kinapunguza nyuzi chache tu. Dawa ya uhakika ni kufupisha muda. Weka mayai mashineni kila baada ya siku 3 hadi 5, hata kama hayajajaza trei. Ni afadhali kutotolesha mayai 25 ya siku nne kuliko 60 ambayo nusu yake yana siku kumi. Wakati yanasubiri, yakae chumba cha ndani chenye kivuli na hewa, sehemu butu juu, mbali na jiko na mgongo wa friji.

Mayai yaliyosafiri kwa basi kutoka Singida, au yaliyopandishwa bodaboda kutoka Chanika, yapumzishe saa 12 hadi 24 sehemu butu ikiwa juu. Mtikisiko huvuruga chemba ya hewa, na inahitaji muda kutulia.

Kuijaribu mashine kabla ya kuiamini

Mashine nyingi ndogo zinazouzwa mjini zina kioo kinachoonyesha namba nzuri zisizo za kweli. Hitilafu ya nyuzi moja ukiidharau inakugharimu trei nzima. Fanya hivi:

1. Iweke chumba cha ndani kisichopigwa jua, mbali na dirisha, feni na kiyoyozi. Mashine inajua kupasha joto, haijui kupoza. Chumba kikifika nyuzi 34 au 35 chini ya bati, joto la ndani litapanda na hakuna kitufe cha kulishusha.

2. Iwashe tupu kwa saa 24 hadi 48.

3. Nunua kipimajoto cha homa cha kidijitali duka la dawa. Tia maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, chovya ncha ya kipimajoto hicho pamoja na kile cha mashine au cha ziada utakachokiweka ndani, linganisha. Tofauti iandike kwa kalamu juu ya mfuniko.

4. Jaribu kipimaunyevu kwa chumvi. Jaza kizibo cha chupa ya soda chumvi ya mezani, dondoshea matone machache ya maji mpaka iwe kama uji mzito. Kifungie pamoja na kipimaunyevu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa saa 12. Kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 68, jua kinapunguza 7.

Mashine yenye feni iweke nyuzi 37.5. Isiyo na feni ina joto tofauti juu na chini, kwa hiyo ipime usawa wa mgongo wa mayai, nyuzi 38.3 hadi 38.8. Nyuzi ikishuka mbili kwa saa chache, unachelewesha. Ikipanda kupita 39.5 kwa saa chache, unaua. Joto kali ni hatari kuliko baridi, na Dar tatizo letu ni joto kali.

Unyevu: weka maji machache kuliko ulivyoambiwa

Maelekezo yanayokuja na mashine hukwambia ujaze bakuli la maji tangu siku ya kwanza. Kwa hewa ya pwani hilo ni kosa. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ambayo ni hewa ya kawaida kabisa hapa, ikipashwa hadi nyuzi 37.5 inasoma karibu asilimia 49 bila kuongezewa hata tone. Siku 18 za kwanza mayai ya kuku yanataka asilimia 45 hadi 55. Maana yake, miezi mingi utahitaji maji kidogo sana au usihitaji kabisa. Ukijaza bakuli wakati wa masika, kifaranga kinakua ndani ya yai lililojaa maji, chemba ya hewa inabaki finyu, na siku ya 20 kinapotaka kuvuta pumzi ya kwanza kinakosa nafasi. Utalipasua yai umkute kifaranga mzima, mnene, ameloa, amekufa.

Kipimo cha kweli ni mizani. Yai linapaswa kupoteza asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Chukua mizani ya jikoni ya gramu, pima trei nzima na mayai yake siku ya kwanza, toa uzito wa trei. Mayai 30 ya kienyeji ya gramu 45 ni gramu 1,350. Yanatakiwa kupungua karibu gramu 9 kwa siku, yaani gramu 63 siku ya 7, 126 siku ya 14, na 162 siku ya 18. Yakiwa yamepungua gramu 40 tu siku ya 7, ondoa maji na fungua matundu ya hewa. Yakipungua 85, ongeza maji. Ukitoa mayai viza, kumbuka kuyatoa na kwenye hesabu.

Kwa bata mzinga kanuni ni ileile, ila hesabu inaishia siku ya 25.

Siku 21, siku 28

Kuku hutotolewa siku ya 21, bata mzinga siku ya 28. Siku ya kwanza ni saa 24 baada ya mayai kuingia, si siku ileile uliyoyaingiza.

Kama mashine haigeuzi yenyewe, andika X upande mmoja na O upande wa pili kwa penseli, geuza mara 3 au 5 kwa siku. Idadi iwe witiri ili upande uliolala usiku mmoja usirudiwe usiku unaofuata. Yai lisilogeuzwa, kiinitete hunata kwenye utando. Wiki ya kwanza ndiyo muhimu zaidi.

Siku ya 7 kwa kuku, siku ya 9 au 10 kwa bata mzinga, pima kwa mwanga. Zima taa za chumba, toboa kadibodi tundu dogo kuliko yai, lifunike juu ya tochi ya simu, kalisha yai sehemu butu ikielekea mwanga. Yai zima lina doa jeusi kama punje ya pilipili manga, na kutoka kwenye doa hilo mishipa myekundu inatambaa pande zote kama miguu ya buibui. Tulia sekunde kumi bila kutikisa; doa litacheza. Yai lisilo na mbegu linang'aa lote, kiini kinapita kama kivuli cha njano. Lenye duara jekundu bila mishipa limekufa siku za mwanzo, na kwa Dar sababu ya kwanza kushuku ni hifadhi ya joto. Pima tena siku ya 14. Lolote linalonuka litoe mara moja, kwa sababu yai viza likipasuka ndani ya mashine huchafua mengine yote.

Umeme ukikatika, usihangaike kwa saa mbili za kwanza. Chumba cha nyuzi 29 hakipozi mayai haraka. Wiki mbili za mwanzo, acha mashine imefungwa, ifunike blanketi ukiacha matundu ya hewa wazi, na ukizidi muda ingiza pembeni chupa za maji ya moto wa kuogea, zisiguse mayai. Baada ya siku ya 15 hali inageuka: viinitete vyenyewe vinatoa joto na vinahitaji hewa, feni imezima, kwa hiyo blanketi zito linaweza kuviziba. Fungua mfuniko kidogo kama upana wa kidole kwa dakika chache kila nusu saa. Mayai yaliyopoa saa 6 au 8 usiyatupe. Endelea, pima kwa mwanga baada ya siku 4, tegemea kuchelewa kidogo.

Siku ya 18 kwa kuku na 25 kwa bata mzinga: acha kugeuza, tandika kitambaa kigumu au neti ya plastiki chini ili vifaranga wasiteleze, pandisha unyevu hadi asilimia 65 au 70, fungua matundu yote ya hewa. Kisha usifungue tena. Kila unapoinua mfuniko unyevu unatoka wote kwa pamoja, utando unakauka kama karatasi na kumbana kifaranga aliyekwisha kutoboa. Kutoka tundu la kwanza hadi kutoka kabisa huchukua saa 12 hadi 24, na bata mzinga huweza kuzidi. Kumsaidia kabla ya hapo ni kumtoa damu, kwa kuwa bado anafyonza mishipa na kiini. Vifaranga waliokauka wanaweza kukaa humo saa 24 bila kula, wana kiini tumboni.

Mzao ukikusumbua, soma dalili zake. Wakitoka siku ya 19 au 20 wakiwa na vitovu vyenye damu, joto lilizidi. Wakichelewa hadi siku ya 23 wakiwa wazito na wavivu, joto lilipungua au mayai yalikuwa ya zamani. Wamekwama wakavu, manyoya yameganda kwenye ganda: unyevu wa mwisho ulikuwa mdogo, au kuna mtu alikuwa anachungulia. Kwenye nyumba yenye watoto, funga mashine kwa gundi ya karatasi siku hiyo ya 18.

Ukitumia tetea badala ya mashine

Tetea wa kienyeji anaatamia vizuri mayai 10 hadi 13 yake, au 6 hadi 8 ya bata mzinga. Jike la bata mzinga hubeba 15 yake. Mjaribu kwanza kwa mayai mawili yasiyo na faida kwa siku mbili. Akitulia, muwekee yote usiku. Mpulizie dawa ya viroboto na chawa kwenye kiota kabla, si baada. Kama atalea bata mzinga, mpe dawa ya minyoo wiki 2 kabla ya kuatamia. Sababu yake ni nzito na inakuja chini.

Bruda

Bruda ni boma lenye joto la kulelea vifaranga. Shiti moja ya hadibodi ya futi 8 kwa 4, ukikata vipande viwili vya urefu wa futi 8 na kimo cha futi moja na nusu, unaviunganisha duara linalotosha vifaranga 50 hadi wiki ya 3. Duara, si mraba: kwenye kona ndiko wanakorundikana usiku na kukosa hewa. Chini tandika maranda ya mbao unene wa sentimita 5 hadi 8. Maranda yanapatikana karakana za samani, Keko yapo kwa magunia. Usichukue vumbi la msumeno, vifaranga hulila likawajaa tumboni. Chagua maranda makavu yasiyonuka dawa ya mbao.

Kuku wadogo wanataka nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, bata mzinga 35 hadi 37, kisha unapunguza nyuzi 3 kila wiki. Globu iwe ile ya zamani ya waya ndani, wati 60 hadi 100, ining'inie sentimita 45 juu kwa mnyororo. Globu za kubana matumizi na za LED hazitoi joto la maana, na vifaranga wengi mjini hufa chini ya taa inayong'aa vizuri kabisa. Mchana wa Januari unaweza kuzima. Usiku, hasa mvua ikinyesha, washa. Ukitumia jiko la mkaa, washia nje, uingize likiwa limeshika lote bila moshi, na juu ya banda pawe na uwazi wa kutosha. Hewa ya mkaa haina harufu, na inaua vifaranga na mtu aliyelala chumba cha pili.

Waangalie wao kuliko kipimajoto. Wakijazana chini ya taa wakilia, wanaona baridi. Wakijibanza ukingoni wamefungua midomo, wanaungua. Wakitawanyika, wengine wamelala wamenyoosha mguu mmoja nyuma, umepatia.

Kabla ya kuwashusha, maji yawe yamekaa bruda saa 2 ili yasiwe ya baridi. Maji ya kisima maeneo ya pwani, Kigamboni na kwingineko, yaonje kwanza: yakiwa na ladha ya chumvi usiwape vifaranga, hasa bata mzinga. Chumvi huwajaza maji tumboni.

Bata mzinga wiki ya kwanza

Kifaranga wa kuku akishuka bruda anadonoa kila kitu. Wa bata mzinga anasimama akitazama. Ana kiini cha kumtosha siku tatu hivi, na asipojifunza kula anaanza kufa siku ya nne, chakula kikiwa mbele yake. Mfugaji anakimbilia dawa, na ugonjwa wenyewe ni njaa.

Kila mmoja mchovye ncha ya mdomo kwenye maji, kisha kwenye chakula, siku ya kwanza mara mbili. Weka gololi za rangi ndani ya sahani ya maji. Zinang'aa, anazidonoa, anakutana na maji, na pia hazimruhusu kuzama. Chakula kimwage juu ya trei za mayai za karatasi. Akitembea juu yake, chakula kinatoa mlio unaomvuta. Juu nyunyiza yai lililochemshwa na kusagwa, na mchicha uliokatwa laini sana. Taa iwake usiku na mchana kwa siku 3.

Njia iliyo bora kuliko zote ni kuwachanganyia vifaranga wa kuku wawili au watatu wa mashine ileile, wawe walimu. Mayai ya bata mzinga yakitangulia mashineni siku 7, ya kuku yakifuata, wote wanatoka pamoja. Walimu hawa watoe baada ya wiki moja. Hapo hawajagusa udongo, kwa hiyo hawajawa hatari.

Udongo wa kuku

Kuku wengi wa uani wana minyoo midogo kwenye utumbo mpofu, na haiwasumbui. Ndani ya mayai ya minyoo hiyo anaishi kijidudu kiitwacho Histomonas. Kuku anakibeba bila shida. Bata mzinga akimeza mayai hayo, au mnyoo wa udongo ulioyala, kijidudu kinatoboa utumbo na kuingia kwenye ini. Dalili ni mabawa kushuka, kichwa kuzubaa, na kinyesi cha njano kali kama kiberiti. Kundi la wiki 6 hadi 12 linaweza kumalizika karibu lote ndani ya siku chache. Hakuna dawa ya uhakika, na mayai ya minyoo hukaa ardhini kwa miaka.

Kwa hiyo kwenye kiwanja cha futi 40 kwa 60 ambacho kuku wamezurura tangu zamani, bata mzinga hawashuki chini. Wajengee banda lenye sakafu ya saruji yenye maranda, au sakafu ya chaga za mbao iliyoinuliwa nusu mita. Viatu vya banda lao viwe peke yake, na koleo na ndoo pia. Wahudumie bata mzinga kwanza asubuhi, kuku baadaye. Kuku wote wapewe dawa ya minyoo kila miezi 3. Wapo wanaowachanganya na hawajapata tatizo. Ni suala la muda, na likija haliachi kitu.

Wakubwa wanahitaji mita ya mraba 1 kila mmoja ndani, zaidi kama hawatoki, na vitanda vya kulalia vya mti mpana wa sentimita 8. Kuku wa kienyeji ni 5 kwa mita ya mraba. Banda lirefuke mashariki hadi magharibi ili jua lisiingie ubavuni. Juu weka wavu, kwani kunguru wa Dar anamchukua kifaranga ukiwa umesimama mita tano. Masika siafu hupanda usiku. Miguu ya banda la kuinuliwa isimame ndani ya makopo yenye oili chafu.

Chakula

Kuku: stata, yaani chakula cha kuanzia, yenye protini asilimia 18 hadi 20 mpaka wiki ya 8. Hesabu kilo 2 hivi kwa kila kifaranga kwa kipindi hicho. Kuanzia wiki ya 9 unaweza kuchanganya mwenyewe kilo 100: pumba za mahindi 40, mahindi yaliyoparazwa 25, mashudu ya alizeti 22, dagaa waliosagwa 8, chokaa 2, mifupa iliyosagwa 2, chumvi nusu, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu. Protini inakaribia asilimia 16. Chakula cha kuku wa mayai kisiliwe na wadogo, chokaa yake nyingi huharibu figo.

Bata mzinga wanataka asilimia 26 hadi 28 wiki 6 za kwanza, na chakula chao maalumu ni adimu mjini. Chukua kilo 8.5 za stata ya broila yenye asilimia 22, ongeza kilo 1.5 ya dagaa wasio na chumvi: unafika karibu 27. Dagaa wajaribu kwanza kwa kutia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, ukoroge. Mchanga utakaobaki chini ndio uliokuwa unaulipia. Ongeza vitamini ya maji yenye nayasini. Bila hiyo miguu inapinda. Baada ya wiki 6 waendelee na stata hiyo bila dagaa hadi wiki ya 14.

Kabla ya kununua, soma lebo ya mfuko. Stata nyingi za broila zina dawa ya kuzuia kuhara damu. Ukikuta salinomycin au narasin, rudisha mfuko. Kwa kuku ni kinga, kwa bata mzinga ni sumu inayowalegeza miguu na kuwaua. Hakuna lebo, usinunue.

Sumukuvu ni ya kuogopa vilevile. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Chanzo kikagundulika kuwa mashudu ya karanga yenye kuvu, na ndipo dunia ikaijua aflatoksini. Masika pumba zinaota ukungu ndani ya wiki. Weka magunia juu ya chaga, nunua ya wiki mbili tu, na yanayonuka uvundo yasiende hata kwa kuku.

Chanjo na magonjwa

Mdondo, wengine wanauita kideri, ndio wa kwanza. Tone moja la chanjo ya I-2 jichoni siku ya 7, rudia wiki ya 4, kisha kila miezi 3, ndege wote wa uani siku moja, bata mzinga wakiwemo. Chanjo hiyo inatengenezwa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Ibebe kwenye chupa ya chai yenye barafu. Mgonjwa usimchanje.

Chanjo ya ugonjwa wa Gumboro ni ya kuku, siku ya 14 na 28, kwenye maji ya kunywa. Klorini ya maji ya bomba huua chanjo, kwa hiyo acha maji yakae wazi saa 24 na utie gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita. Wanyime maji saa 2 kabla ili wanywe yote haraka.

Ndui hubebwa na mbu. Chanja kwenye ngozi ya bawa wiki ya 6 hadi 8, na panga iwe kabla ya masika. Bata mzinga nao wachanjwe.

Kuhara damu huja wiki ya 3 hadi 6, maranda yakilowa karibu na chombo cha maji. Inua chombo usawa wa mgongo wa kifaranga, geuza maranda kila siku, toa yaliyoloa. Dawa ni amprolium kwenye maji, siku 5 hadi 7 kwa kipimo cha pakiti. Kwa bata mzinga mara nyingi damu haionekani, ni uharo wa maji tu na kujikunyata. Wakifa zaidi ya wawili kwa siku, mpigie afisa mifugo wa kata na umpelekee mzoga mmoja ambao haujaoza, ukiwa kwenye barafu.

Ukitaka bata mzinga wa Krismasi

Hesabu kinyumenyume. Wiki 24 za kulea kabla ya Desemba 25 zinakurudisha Julai 10, siku ya kutoka mayaini. Toa siku 28, mayai yaingie mashineni Juni 12, yakiwa yameokotwa tangu Juni 8. Bahati nzuri huo ni wakati wa kipupwe, na usiku wa Dar ndio una ubaridi kuliko miezi yote. Dawa ya minyoo kwa kuku wa uani iwe imetolewa Mei, na sakafu ya chaga iwe imekauka rangi kabla ya Julai kuanza.